Basi la Watalii au Treni: Ulinganisho kwa Wawili Wanaotaka Kuizunguka Ulaya

Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tumeipita njia moja ya Ulaya mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Septemba 2019, tulipojiunga na msafara wa basi la watalii lililobeba abiria 43; mara ya pili ilikuwa Septemba 2023, tulipokwenda wenyewe kwa treni, bila kiongozi wala msafara. Miji ilikuwa ileile, yaani Paris, Lucerne ya Uswisi, Venice, Florence na Roma, na mwenzangu alikuwa yuleyule, mwalimu mkuu mstaafu ambaye miaka yake ya kupiga kengele ya shule imemwachia imani thabiti kwamba jambo jema huanza kwa wakati. Kilichobadilika ni chombo tu, na kwa sababu hiyo nadhani ninaweza kumsaidia mtu aliye na mwenzake, iwe mke na mume, ndugu wawili au marafiki, ambaye amekaa na karatasi mbili mezani, moja ya bei ya msafara na nyingine ya ratiba za treni, asijue aifuate ipi.

Wengi huanza na bei, nami nitaifikia, lakini bei si mahali ambapo njia hizi mbili zinatofautiana zaidi. Swali ninalowauliza wote wanaokuja kutaka ushauri ni hili: kati yenu wawili, nani atashika saa? Katika basi saa hushikwa na mtu mwingine, ninyi mkabaki kuangalia, kupiga picha na kurudi mlikoambiwa mrudi. Katika treni saa ni yenu, na kwa kuwa ninyi ni wawili na saa ni moja, kila asubuhi mtalazimika kuamua nani kati yenu anayo siku hiyo. Mambo mengine yote, kuanzia chakula hadi magoti, yanatoka hapo.

Tuanze na basi. Nilidhani saa ya basi iko mkononi mwa kiongozi wa msafara, lakini kiongozi mwenyewe ana bosi wake, naye ni sheria. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dereva haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 9 kwa siku, isipokuwa mara mbili kwa wiki anapoweza kufika saa 10, na kila baada ya saa nne na nusu za kuendesha ni lazima apumzike dakika 45, huku kifaa kilichofungwa ndani ya gari kikirekodi kila kitu. Ni sheria nzuri sana, na kwa anayezifahamu barabara zetu za mikoani ni faraja kubwa kujua kwamba mtu aliyeshika usukani amelala. Lakini maana yake ni kwamba basi halisimami penye mandhari. Husimama pale sheria inapolikuta. Kati ya Paris na Lucerne, safari ya zaidi ya kilomita 600, sheria ilitukuta kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara kuu, tukakitazama kituo hicho kwa dakika 45 kwa makini ambayo hatukupata nafasi ya kuupa mji wa Pisa.

Wifi alilipenda basi tangu siku ya kwanza. Tuliamshwa saa 11:30 alfajiri, masanduku yakawa nje ya mlango wa chumba saa 12:15, na saa 1:30 kamili magurudumu yalizunguka. Alipoona hivyo alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyekutana na ndugu yake aliyepotea. Siku ya pili alikuwa ameshaanza kuhesabu abiria kabla ya kiongozi kuhesabu. Siku ya nne kiongozi aliacha kuhesabu kabisa, akawa anamtazama wifi tu, na wifi akisema “arobaini na tatu” kwa Kiswahili, basi linaondoka. Kufikia Roma, wazee wa Kikanada waliokaa nyuma yetu walikuwa wanajua kuhesabu kwa Kiswahili kuanzia arobaini na moja hadi arobaini na tatu, na hawakujua namba nyingine yoyote.

Ninaisimulia habari hiyo kwa sababu ni faida halisi ya msafara, nayo haiandikwi kwenye vipeperushi: mnapata watu. Mkiwa wawili kwa siku nyingi, maneno huisha, na mtu wa tatu huwa kama maji ya baridi. Asubuhi ya kuingia Kanisa la Mtakatifu Petro huko Vatikani, ambako mabega na magoti lazima yafunikwe, kina mama wawili wa msafara wetu walijikuta mlangoni wakiwa mikono wazi kabisa, na foleni nyuma yao ilikuwa ndefu. Wifi alifungua pochi yake akatoa doti ya khanga, ambayo haiachi nyumbani hata akienda hospitali, akaichana katikati kwa meno na mikono, akampa kila mmoja kipande chake na kuwafunga mwenyewe kifuani kama anawapeleka harusini. Kwa hiyo wageni wawili wa nchi za kaskazini waliingia chini ya lile kuba kubwa wakiwa wamevaa maneno “Mgeni njoo mwenyeji apone”, na mmoja wao bado hututumia salamu kila mwaka mpya. Katika safari ya treni hatukumpata mtu wa namna hiyo. Tulizungumza na abiria wengi kwa saa mbili mbili, wakashuka, nasi tukashuka.

Sasa niseme kile ambacho basi huchukua, nacho ni jioni. Basi kubwa haliwezi kuingia katikati ya miji ya kale. Florence na Roma zina maeneo ambayo magari hayaingii bila kibali, na Venice haina barabara hata moja ya gari ndani yake, hivyo misafara hulazwa pembezoni, kwenye hoteli safi zenye maegesho mapana na hakuna kingine. Tulipokuwa “Venice” kwa mujibu wa ratiba, tulilala Mestre, ng’ambo ya daraja refu linalounganisha kisiwa na bara. Mchana tulishushwa Tronchetto, penye maegesho ya mabasi, tukapanda boti, tukatembezwa uwanja wa Mtakatifu Marko tukiufuata mwavuli wa kiongozi, na saa 11 jioni, wakati mwanga wa jua ulipoanza kulala juu ya maji na makundi yakaanza kupungua, nasi tulikuwa miongoni mwa yale makundi yaliyokuwa yanapungua. Jambo hili liliniuma wakati ule, na linaniuma hata sasa ninapolikumbuka, kwa sababu miji hii hupumua baada ya saa 12 jioni. Ukiwa Roma na hujaiona chemchemi ya Trevi usiku, au ukiwa Florence na hujapanda kilima cha Piazzale Michelangelo jua likizama juu ya mapaa mekundu, umeviona vitu lakini hujauona mji.

Mara ya pili, kwa treni, tulitoka nje ya stesheni ya Santa Lucia, Venice, na hapo hapo, chini ya ngazi, kulikuwa na Mfereji Mkuu. Hakuna maandalizi, unafungua mlango wa stesheni kama unavyofungua mlango wa sebule na bahari imeingia. Wifi alisimama juu ya ngazi zile bila kusema neno, na mimi nilimwacha, kwa kuwa hatukuwa na mwavuli wa kuufuata. Tulikaa usiku mbili ndani ya kisiwa. Usiku wa kwanza tulipotea kwa zaidi ya saa moja kwenye vichochoro vinavyoishia kwenye maji, tukicheka kama wasichana, kwa sababu vilitukumbusha vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar ambako wifi aliwahi kupotea mwaka alioolewa, na alinisimulia habari za ndoa ile, mema na machungu yake, ambazo katika miaka yote ya kuwa wifi yake sikuwahi kuzisikia. Basi lisingetupa saa ile, kwa kuwa saa ile haikuwamo kwenye ratiba ya mtu yeyote.

Lakini sitaki kumdanganya msomaji kwamba treni ni upole mtupu, kwa sababu asubuhi ya kwanza kabisa ilikuwa ngumu kwa mwenzangu. Katika stesheni ya Gare de Lyon, Paris, kama ilivyo katika stesheni kubwa za Ufaransa, namba ya jukwaa huoneshwa kwenye ubao takribani dakika 20 tu kabla ya treni kuondoka. Tulifika saa nzima mapema, na wifi akataka kujua jukwaa letu ni lipi. Nikamwambia halijulikani. “Halijulikani na nani?” aliniuliza. Nikamwambia halijulikani na yeyote kati ya hawa wote unaowaona wameinua shingo. Alizunguka ukumbi mzima akiwaangalia mamia ya watu wazima, wenye suti na watoto, waliokubali kutojua, na nadhani siku ile imani yake kwa Wafaransa ilipungua kidogo. Namba ilipotokea, umati wote uliondoka kwa mkupuo mmoja. Treni za mwendo kasi mara nyingi huwa mbili zilizoungwa, zenye urefu wa mita 400 kwa jumla, na milango hufungwa dakika 2 kabla ya muda wa kuondoka, kwa hiyo ni muhimu sana kusoma namba ya behewa kwenye tiketi kabla hamjaanza kutembea, si baada ya kufika mwisho usio wenu.

Na hapo ndipo inapokuja habari ya mizigo, ambayo kwangu ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa basi. Katika msafara sanduku lako unaliona asubuhi mlangoni na jioni mlangoni; katikati linasafiri ndani ya tumbo la gari bila kukusumbua. Katika treni wewe ndiye tumbo la gari. Sanduku la wifi lilikuwa na kilo 23, uzito uleule ambao ndege inaruhusu, kwa kuwa yeye huamini kwamba ruhusa ikitolewa lazima itumike. Ndani yake kulikuwa na chupa ya chai, pilipili ya kukaanga ya chupa mbili, jozi nne za viatu, pasi ndogo, na zawadi za watu ambao hatukuwa tumekutana nao bado. Venice ina madaraja zaidi ya 400, na karibu yote yana ngazi. Kati ya stesheni na chumba chetu yalikuwapo matano. Daraja la kwanza tulilipanda tukizungumza, la pili tukiwa kimya, na la tatu wifi alikaa juu ya sanduku katikati ya daraja, akajipepea kwa ramani, na kuniambia kwa heshima zote kwamba mwaka 2019 kulikuwa na kijana maalumu wa kazi hii. Alikuwa na haki. Anayechagua treni achague kwanza sanduku, na kipimo ni hiki: kama huwezi kulipandisha ngazi za ghorofa mbili kwa mkono mmoja bila kusimama, ama punguza vitu ama panda basi.

Kuhusu milima, treni inashinda, na haihitaji mjadala mrefu, isipokuwa nitapenda kueleza namna ilivyotushindia. Basi la mwaka 2019 lilitoka Lucerne kwenda Italia kwa kupitia handaki la barabara la Gotthard, lililofunguliwa mwaka 1980, ambalo ni kilomita 17 hivi za taa za manjano; abiria wengi walilala, na walipoamka milima mirefu ilikuwa nyuma yao. Treni nayo kwa kawaida ingepita handaki jipya la reli lililofunguliwa mwaka 2016, lenye urefu wa kilomita 57, refu kuliko handaki lolote la reli duniani, na tungeona giza zaidi ya lile la basi. Lakini Agosti 2023 treni ya mizigo iliacha reli ndani ya handaki hilo na kuliharibu vibaya, kwa hiyo mwezi uliofuata treni za abiria zilikuwa zinapitishwa njia ya zamani ya milimani, ile ya mwaka 1882, na safari ikaongezeka kwa saa moja au zaidi. Nilipomwambia wifi kwamba tutachelewa alifunga macho kwa uchungu.

Njia ile ya zamani haiwezi kupanda mlima moja kwa moja, hivyo hujizungusha ndani ya mwamba kama ngazi za mnara, ikiingia handakini na kutoka juu zaidi ya ilipoingilia. Katika kijiji cha Wassen kuna kanisa dogo jeupe ambalo, kwa sababu ya mizunguko hiyo, abiria huliona mara tatu: kwanza likiwa juu yake kilimani, kisha likiwa usawa wa dirisha, na mwisho likiwa chini bondeni. Mimi nilikuwa ninaifahamu habari hiyo, lakini nilinyamaza kwa makusudi. Kanisa lilipotokea mara ya kwanza wifi alisema ni zuri. Lilipotokea mara ya pili alisema watu hawa wanapenda makanisa ya namna moja. Lilipotokea mara ya tatu alikaa wima, akanishika mkono, na kusema kwa sauti iliyosikika behewa zima, “Wifi, hili kanisa linatufuata!” Bibi wa Kiswisi aliyekaa mbele yetu hakujua Kiswahili hata chembe, lakini alielewa, akainua vidole vitatu na kucheka hadi akafuta machozi. Handaki jipya lilirudi kutumika kikamilifu Septemba 2024, lakini njia ya zamani bado ina treni za abiria, na yeyote anayetoka Lucerne kwenda kusini akiwa hana haraka ningemsihi aitafute hiyo na kukubali saa ya ziada.

Pisa nayo nimeiona kwa njia zote mbili. Msafara ulitupa saa moja na nusu, na kwa kuwa mabasi makubwa huegeshwa mbali na ule mnara wake ulioinama, dakika zilizobaki zilitosha kwa picha tu. Uwanja mzima ulikuwa umejaa watu wa kila taifa walioinua mikono hewani wakijifanya wanausukuma mnara. Wifi alikataa. Alisema hajawahi kusukuma kitu kilichokaribia kuanguka, akaenda upande wa pili na kupigwa picha akiwa ameuegemeza mnara kwa mgongo, amekunja uso kwa uzito wa kazi. Mwaka 2023 tulifika Florence Jumapili, na Jumatatu makumbusho ya Uffizi hufungwa, kwa hiyo tulichukua treni ya kawaida hadi Pisa, mwendo wa saa moja, tukakaa mpaka alasiri. Ndipo tulipopata muda wa kusoma kwamba mnara ule ulifungwa kuanzia 1990 hadi 2001 ili wahandisi waurudishe kidogo wima, na kwamba walifanikiwa kwa takribani sentimita 40. Wifi alilisoma bango hilo mara mbili. “Kumbe nilikuwa sahihi,” alisema, “kazi ilikuwa upande ule.”

Mfano huo wa Uffizi unaonesha pia wapi treni inakudai. Katika msafara mtu mwingine amekwisha kujua kwamba makumbusho ya Louvre, Paris, hufungwa Jumanne, kwamba Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili isipokuwa ya mwisho wa mwezi, na kwamba tiketi za Colosseum, uwanja wa kale wa Roma, zinapaswa kununuliwa siku nyingi kabla. Mwaka 2019 tuliingia sehemu hizi tukiwapita watu waliokuwa juani. Mkienda wenyewe, mmoja wenu lazima awe karani. Lazima ajue kwamba tiketi ya karatasi ya treni ndogo za Italia hugongwa muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo ni faini. Kwamba Italia ina migomo ya usafiri inayotangazwa mapema, na kwamba siku za kazi treni kadhaa za mikoani huendelea kwa mujibu wa sheria kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na tena kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Ukarani huo ulikuwa wangu, nami niliupenda. Kama hakuna kati yenu anayeupenda, msijilazimishe, kwa sababu ugomvi wa kukosa tiketi unauma zaidi ugenini kuliko nyumbani.

Chakula kilitufundisha jambo ambalo sikulitarajia. Sisi ni Waislamu, na msafara ulikuwa na chakula cha jioni kilichopangwa. Kila nyama ilipokuwa ya nguruwe au isiyojulikana tuliletewa mayai, kwa ukarimu na tabasamu, usiku sita mfululizo. Ndani ya basi hairuhusiwi kula chakula cha moto. Katika treni za Ulaya, kinyume chake, kula chakula ulichobeba ni jambo la kawaida kabisa, na hakuna aliyetushangaa tulipotandika kitambaa na kufungua kuku wa kuchoma na mkate huku pilipili ya nyumbani ikizunguka mezani. Paris tulikwenda soko la Château Rouge tukapata ndizi za kupika na mihogo. Roma, karibu na stesheni ya Termini, tulikula kwa Wahabeshi na tukanunua mchele kwa Wabangladeshi. Chupa ya chai, ambayo niliilalamikia kwenye madaraja, nakiri hapa kwamba ilistahili kila gramu yake.

Bei sasa, kwa ufupi. Viza ya Schengen, yaani ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ni ileile kwa njia zote mbili: euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, pamoja na bima ya afya ya safari isiyopungua euro 30,000. Maombi hupelekwa kwa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi, si lazima ile mtakayoshukia. Sisi tulishukia Paris mara zote mbili lakini tuliomba Italia, na wengi hukosea hapo. Msafara hulipiwa kwa mkupuo mmoja, jambo linalotuliza moyo, lakini uangalie kilichoachwa nje: safari za hiari, bahashishi za dereva na kiongozi, na kodi ya kulala ambayo miji mingi ya Italia humtoza mgeni kila usiku. Treni za mwendo kasi huwa rahisi zikinunuliwa miezi mitatu au minne kabla, na huwa ghali sana wiki ya safari. Wasioishi Ulaya wanaweza kununua pasi ya Eurail, yaani tiketi moja ya treni za nchi nyingi, ila wasisahau kwamba treni za kasi za Ufaransa na Italia hudai malipo ya ziada ya kuhifadhi kiti. Kwetu safari ya treni iligharimu zaidi, hasa kwa sababu tulilala usiku 14 badala ya 8 na tulilala katikati ya miji. Gondola, kwa wanaoiwaza, ina bei rasmi ya euro 90 kwa nusu saa mchana, nayo ni bei ya boti nzima, kwa hiyo kuwa na mwenzako hukata gharama hiyo nusu papo hapo.

Kuna gharama nyingine isiyo ya fedha, nayo ni ugomvi. Katika basi hatukugombana hata siku moja, kwa sababu kila kilichotuudhi kilikuwa na mwenyewe: ratiba, mvua, mayai. Tuliudhika pamoja, bega kwa bega, tukiwa tumeelekeza uso upande mmoja. Katika treni tuligombana mara mbili, mara moja juu ya daraja la tatu na mara moja ndani ya Louvre, ambako mimi nilitaka kuendelea na yeye alikuwa ametosheka baada ya kuona kwamba mchoro wa Mona Lisa, wenye urefu wa sentimita 77 tu, ni mdogo kuliko picha ya arusi iliyoko sebuleni kwake. Magomvi yote mawili yalitengemaa kabla ya kulala, na ninaamini yalitusogeza karibu. Lakini wawili ambao tayari wana jambo lisilosemwa kati yao wapande basi. Treni ina meza ndogo na viti vinavyotazamana, na jambo hilo litakaa hapo mezani mpaka Roma.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Mzazi mwenye magoti mabovu, au wawili ambao hawajawahi kutoka nje ya nchi na wanaogopa, au watu wenye siku zisizozidi tisa, wachukue basi bila kusita, ila waulize kwa maandishi kila hoteli iko wapi na ni usiku ngapi watalala ndani ya mji wenyewe. Wenye wiki mbili, sanduku dogo na mmoja wao mwenye moyo wa ukarani wachukue treni, na wapunguze mji mmoja kwenye orodha kabla hawajaanza kununua tiketi. Anayependa vyote viwili anaweza kufanya Uswisi kwa msafara mfupi na Italia kwa treni, kwani stesheni za Florence, Venice na Roma zipo ndani ya miji, na kutoka Florence hadi Roma ni saa moja na nusu tu.

Wifi bado ni mtu wa basi, na halifichi. Hata hivyo tumekubaliana kwenda Prague, Vienna na Budapest kwa treni, kwa sharti lake kwamba kila usiku saa 3 nitamwonesha tiketi za kesho yake, na kwa sharti langu kwamba sanduku lisizidi kilo 10. Juzi alilipeleka kwenye mizani ya dukani kulipima. Likiwa tupu lina kilo tano, na chupa ya chai haijaingia bado.